Mabomba Matatu ya Mhandisi

Riziki ya Mhandisi siku hiyo ilitoka dirishani, nyeusi na nene, ikajinyoosha juu ya uchochoro bila haraka. Wapita njia wengine waliona moshi tu. Waliziba pua, wakakohoa, wakamtukana mtu wasiyemjua, wakaendelea na safari zao. Yeye alisimama, akavua kofia, akautazama kwa heshima anayopewa mgeni aliyekuja na mzigo.

Kwanza tuelewane kuhusu huo uhandisi. Hakuusomea. Chuo alikijua kwa geti lake, ambapo zamani aliwauzia wanafunzi kalamu zisizoandika, tena asubuhi ya mtihani. Lakini alikuwa na kofia ngumu ya manjano aliyoipata kwenye mitumba, alikuwa na ubao wa kubania karatasi, na shingoni alining'iniza geji iliyong'olewa kwenye mtungi mbovu, mshale wake umekwama kwenye sita miaka na miaka. Mjini hapa mtu mwenye vitu hivyo vitatu haulizwi cheti. Anaulizwa, "Mkubwa, sasa tufanyeje?"

Na shida aliyokuwa nayo, hiyo haikuwa ya kubuni. Aliishi na mama yake katika chumba kimoja kando ya barabara kuu, mahali malori yanaposimama foleni ya mizani, injini zikinguruma mchana kutwa na kutema dizeli mlangoni. Mama alikuwa amepika miaka thelathini katika bweni la shule, sufuria za kuoga mtu mzima, kwa kuni. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Sentensi ya maneno kumi aliigawa mara tatu, na katikati alishika ukuta.

Daktari wa zahanati alimwita mwana pembeni. "Mimi nikimpa dawa na wewe ukamrudisha kwenye moshi, wote wawili tunatwanga maji kwenye kinu," alisema. "Mtafutie chumba chenye hewa. Na iwe kabla ya baridi. Baridi ikiingia moshi hulala chini, na kifua hiki sidhani kama kitahimili."

Kwa hiyo alikuwa na wiki chache za kupata kodi ya chumba cha maana, na mwezi mmoja alikuwa ameupoteza akiuza dawa ya kunguni ambayo kunguni waliipenda. Hapo ndipo alipouona ule moshi.

Nyuma ya jengo moja la ghorofa palikuwa na kiwanja kidogo, na kwenye kiwanja hicho mabanda matatu yaliyopakana. La kwanza la mwoka mikate, ambaye tanuri lake lilikula mbao za makabati ya zamani, rangi na gundi yake, na kipande cha tairi cha kuwashia. La pili la dobi, aliyechemsha maji kwenye mapipa kwa pumba za mbao zilizolowekwa oili chafu ya magari. La tatu la kinyozi, ambaye umeme ulimkatikia kila siku, akawa anaendesha jenereta ya dizeli kuukuu iliyokohoa kuliko wateja. Kila mmoja alilalamikia moshi wa wenzake. Wake hakuuona. Nyani haoni kundule, nao walikuwa watatu.

Mhandisi alianza na mwoka mikate. Aliingia bila hodi, akainua geji kuelekea dari, akaisoma, akafumba macho.

"Sita," alisema.

"Sita ni mbaya?" mwoka mikate aliuliza. Alikuwa mtu mnene, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Mzee una watoto?"

"Wanne."

"Basi acha nisiseme."

"Sema bwana! Umeingia mwenyewe!"

"Nasema kwa sababu nimekupenda. Mkate wako ni mzuri, nimeuonja. Lakini una ladha ya mlango."

Mwoka mikate aliduwaa, kwa sababu asubuhi ileile mteja alikuwa ameurudisha mkate kwa maneno hayohayo. Hakujua kwamba mteja yule na Mhandisi walikuwa mtu mmoja, mara ya kwanza bila kofia.

"Nitakufungia bomba," Mhandisi aliendelea, akichora mistari kwenye karatasi. "Linauvuta moshi hapa juu ya tanuri, linaupeleka nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya kwako."

Jibu hilo lilimtosha. Bomba lilipofungwa lilitoka dirishani, likakata kona ukutani, likaishia juu kidogo ya kamba za kuanikia za dobi. Mwoka mikate aliliona hilo. Mhandisi aliona kwamba ameliona. Wote wawili wakatazama mawingu kama wanaongojea mvua.

Siku ya tatu Mhandisi alipita tena pale kwa bahati tu, bahati aliyoitegea tangu saa mbili asubuhi. Dobi alikuwa amesimama kati ya shuka za nyumba ya wageni, mikono kiunoni, kila shuka ina madoa meusi.

"Kaka, hii kazi nimeifua mara ya pili leo," dobi alisema, hata salamu hakungoja. Alikuwa mwembamba, mwenye hasira za haraka. "Masizi yanashuka kama inzi. Nikimpata aliyefunga lile bomba!"

"Fundi wa vichochoroni huyo," Mhandisi alisema kwa uchungu. "Wanatuharibia jina sisi tuliosoma." Akainua geji. "Lo! Sita."

Kwa dobi alileta bomba lenye mdomo mpana mfano wa faneli, la kuumeza moshi wa mwoka mikate pamoja na ule wa mapipa.

"Na wa kwake pia niulipie mimi?" dobi aliuliza.

"Wa jirani ninakutoza nusu. Ndugu yangu, hiyo ni huruma, wala si biashara."

Bomba la pili likaelekea kwa kinyozi. Huko mambo yalianza kwa furaha, kwa maana mzee mmoja aliingia na mvi na kutoka nywele nyeusi ti, akashukuru, akaongeza bakshishi. Lakini aliyemfuata alikohoa wakati wembe uko sikioni. Mteja huyo alipotoka ameshika tambara lenye damu, akipiga kelele zilizosikika hadi barabarani, kinyozi alimkuta Mhandisi ameshasimama mlangoni na ubao wake.

"Wote," kinyozi alisema. "Moshi wa tanuri, wa mapipa, na kidogo changu hiki cha jenereta. Ondoa wote."

"Kidogo changu hiki" kilikuwa kimeupaka ukuta mzima rangi ya sufuria. Mhandisi hakubishana. Alitazama huku na huku. Kulia kwa dobi, kushoto ukuta, mbele njia ya watu. Akainua macho. Ghorofa ya pili ya lile jengo palikuwa na dirisha moja limepigiliwa mbao.

"Pale nani anakaa?"

"Hakai mtu. Paka tu."

"Paka hajawahi kuleta malalamiko," Mhandisi alisema, akaandika vipimo.

Bomba la tatu lilikuwa refu kuliko yote. Lilipanda ukuta kwa madaha hadi ukingoni mwa dirisha lile, na Mhandisi, ambaye udhaifu wake mmoja ulikuwa majivuno, alipanda ngazi yeye mwenyewe akaandika mdomoni mwake kwa rangi nyekundu: MHANDISI. Watatu wale walimlipa, wakaagana naye kwa kushikana mikono, na kila mmoja akaamini kwamba aliyeingizwa mjini ni jirani.

Sasa akatafuta dalali.

Dalali alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti laini na fungu la funguo ambazo nusu yake hazikufungua chochote. Alimsikiliza Mhandisi akieleza kuhusu mama, kifua na daktari, akashika shavu.

"Kaka yangu, umenigusa. Ungekuwa unatafuta chumba tu ningekupa chumba. Wewe unatafuta hewa. Ninacho kimoja, nilikuwa ninamwekea shemeji yangu."

Alimpeleka Jumapili, kwa mtaa mpana wenye miti, wakapanda ngazi safi hadi chumba kilichopakwa rangi mpya. Dirisha la mbele lilikuwa wazi, upepo ukiingia. La nyuma lilifunikwa pazia zito.

"Hilo linaangalia wapi?" Mhandisi aliuliza.

"Nyuma, kuzuri sana. Ila fremu na kioo ni vipya, rangi bado mbichi, ukifungua itabanduka. Hebu ngoja." Alitoa leso nyeupe, akaipitisha juu ya ukingo wa dirisha, akaikunjua mbele yake. Nyeupe vilevile. "Vuta pumzi. Unasikia harufu gani?"

Mhandisi alivuta. "Sisikii kitu."

"Hicho ndicho unacholipia."

Mganga hajigangi. Mtu aliyewaliza wenzake kwa geji iliyokwama hakuwaza kwamba duniani kuna mwingine awezaye kuliza kwa leso. Hakujiuliza ukingo ule ulifutwa saa ngapi. Hakujiuliza matanuri hupumzika siku gani ya wiki. Alijiona tayari akimlaza mama kwenye chumba kile, na machozi yakamlenga, akatia sahihi kila alipoonyeshwa kidole na akatoa kodi ya miezi sita, yaani mabomba yote matatu.

Walihamia Jumatatu. Dalali aliwakabidhi funguo kule chini barabarani, akasema ana msiba, akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye misiba miwili. Mhandisi alimpandisha mama ngazi pole pole, wakipumzika kila kituo. Alipofungua mlango, chumba kilikuwa cheusi.

Moshi ulikuwa umekaa ndani kama mwenye nyumba. Ulinuka makabati, ulinuka oili, ulinuka dizeli. Mama alikohoa hadi akakaa chini kwenye ngazi. Mhandisi alikimbia kwenye pazia, akalivuta. Kioo cha chini hakikuwahi kutiwa. Na pale ukingoni, umbali wa kiganja, palikuwa na mdomo wa bati ukifuka, na herufi nyekundu zikimtazama. Ni watu wachache waliowahi kusoma majina yao katika hali ile.

Mama alijikokota hadi kando yake, kanga mdomoni. Akasoma pia.

"Kuna mtu..." alisema, akapumzika, "anajiita kama wewe unavyojiita."

"Wako wengi, mama."

"Wenye H... yenye mkia hivi?"

Mama alikuwa amemzaa na amemfundisha kuandika, na mbele ya mtu wa aina hiyo ujanja hauna pa kushika. Hakumgombeza. Alirudi kukaa ngazini, upande wa barabara, akitafuta hewa kwa mdomo wazi, na hilo lilimuuma mwanawe kuliko matusi.

Alimpigia dalali simu. Simu ilimjibu kwamba mtu huyo hapatikani, jambo ambalo hata yeye alikuwa ameshaanza kulijua. Akachukua matambara, akauziba mdomo wa bomba. Moshi ukarudi ulikotoka, na haikupita nusu saa kinyozi alikuwa chini na ufito mrefu akizibua kwa nguvu zote, matambara yakaanguka kiwanjani, na moshi ukapanda tena kwa ari mpya.

Basi Mhandisi akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya akiwa kazini. Alishuka, akawaita wote watatu, akavua kofia.

"Ndugu zangu, niliwadanganya," alisema. "Bomba haliondoi moshi, linauhamisha. Wako ulikwenda kwa huyu, wa huyu kwa yule, na sasa wote unaingia kwa mama mgonjwa pale juu. Hata nyinyi mnaumia, mnakohoa usiku, watoto wenu wanakohoa. Naomba tuyatoe, na mpunguze huo mnaouchoma."

Mwoka mikate alikunja mikono yenye unga.

"Sasa unauza nini?" aliuliza.

"Siuzi kitu."

Wakatazamana kwa hofu. Mtu anayekuuzia kitu unajua pa kumshika.

"Mgonjwa gani? Pale kuna paka," kinyozi alisema.

"Nimeelewa," dobi alidakia. "Kapata mteja wa bei kubwa mtaa wa pili. Anataka kuyang'oa mabomba yetu akayauze! Bwana, huyapati ng'o."

Jioni hiyo dobi alileta mnyororo na kufuli, wakalifunga bomba ukutani. Ndiyo hali halisi, wapenzi. Alipodanganya walimpokea kwa viti, aliposema kweli wakanunua kufuli.

Alimkuta mama amekaa ngazini palepale, mto mgongoni. Jua lilikuwa halijazama. Alikaa ngazi ya chini yake na kumweleza yote, tangu geji hadi kufuli. Mama alisikiliza.

"Moshi wao mweusi?" aliuliza.

"Ti."

"Basi ni wajinga wa moto." Akapumzika. "Kuni ikiungua vizuri haitoi moshi mweusi. Ule mweusi... ni kuni iliyokukimbia. Umeilipia, haijaungua, imeondoka zake. Kuni mbichi, kuni zimebanwa, moto haupati hewa chini. Sisi bwenini tulilijua hilo."

"Mlilijua? Na kifua chako, je?"

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Kulijua ni kwetu. Kuni mbichi walileta wao. Tulisema miaka thelathini, mwanangu. Nani anamsikiliza mpishi?"

Mhandisi aliona aibu kwa niaba ya watu asiowajua, halafu akaona aibu kwa niaba yake mwenyewe, hisia ambayo ilikuwa mpya na hakujua aiweke wapi. Alikaa akilirudia lile neno moja: umeilipia. Taratibu uso wake ukaanza kung'aa.

Asubuhi alivaa kofia, akaning'iniza geji, akaingia kwa mwoka mikate kwa mlango wa nyuma.

"Mzee," alinong'ona, "jana nisingeweza kusema mbele za watu. Yule dobi anakuibia."

Mwoka mikate aliacha kukanda. "Ananiibia nini?"

"Moshi."

"Achukue! Achukue wote na mavumbi juu!"

"Unajua moshi mweusi ni nini? Ni kuni ambayo haijaungua. Uliinunua wewe. Inapita kwenye bomba, inafika kwenye mapipa ya mwenzako, inamalizia kuungua kule. Hebu niambie, wiki hizi ulimwona dobi akinunua pumba?"

Mwoka mikate alifikiri. Kweli hakumwona. Hakumwona kwa sababu alikuwa mbele ya tanuri mchana kutwa, lakini hilo halikumjia.

"Ndiyo maana anapiga mluzi!" alisema, uso umemvimba. "Anachemsha maji yake kwa makabati yangu!"

"Sikusema mimi."

"Nifanyeje sasa?"

Mhandisi alirudia somo la mama neno kwa neno. Kuni kavu, zipasuliwe nyembamba, zisishindiliwe. Tundu la hewa chini ya tanuri. Mbao za rangi na tairi ziachwe kabisa, "kwa sababu hizo ndizo zinazompa dobi moto mkali zaidi." Katika maelezo yake yote, robo tatu ilikuwa kweli tupu. Ile robo ilikuwa ya kuisindikiza kweli mlangoni, kwa vile jana yake ilikwenda peke yake ikafungiwa nje.

Kwa dobi alisema kwamba oili yake inasafiri hewani na kuilainisha jenereta ya kinyozi bure.

"Bure?" dobi alisema. Neno hilo lilimchoma kuliko oili. "Mimi ninaibeba kwa ndoo kutoka gereji, yeye anakaa kitini?"

Wa mwisho alikuwa kinyozi, na kinyozi hakuwa mtu wa kuvishwa kilemba cha ukoka kirahisi. Alisikiliza akinoa wembe.

"Dizeli yangu haijaungua, sawa. Na anayeipata ni nani? Bomba langu linaishia kwa paka."

"Jana ulizibua nini kule juu?"

"Matambara."

"Yalikuwa na hali gani?"

Wembe ulisimama. "Meusi... yamelowa. Yanateleza."

"Mkubwa, matambara hupanda ghorofani yenyewe?"

Kinyozi alikwenda nje, akayaokota pale yalipoanguka, akayanusa. Akayakamua. Tone moja jeusi lilianguka kwenye kiatu chake. "Wanavuna," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna watu huko juu wanavuna dizeli yangu kwa matambara!"

"Mimi sikuwepo hapa," Mhandisi alisema, akaondoka.

Kwa kikohozi cha jirani hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusogeza kijiti. Lakini kumnyima jirani cha bure! Mwoka mikate aliamka kabla ya jogoo kupasua kuni kavu, nyembamba kama penseli, na akatoboa tundu la hewa chini ya tanuri kwa mikono yake. Dobi aliirudisha oili gereji, akanunua pumba kavu na kuzichoma chini ya mapipa mawili badala ya matano, akikagua kila dakika kama kuna kinachotoroka. Kinyozi alimleta fundi, wakasafisha nozeli na kubadili kichujio cha hewa, na ikawa jenereta inawashwa kunapokuwa na kichwa kitini, si kwa ajili ya kusikiliza redio. Walipokutana kiwanjani walisalimiana kwa tabasamu la watu waliokwisha gundua wizi, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma kwa hasara iliyompata.

Moshi ukawa wa kijivu, kisha mwembamba, kisha ikabidi uutafute. Mkate ukarudi kuwa mkate. Shuka za wageni zikakauka nyeupe. Mabomba yalibaki ukutani na kufuli lake, ndani yake ndege wameanza kuulizia nafasi.

Na mama! Wiki ya kwanza alirudi kulala ndani. Wiki ya pili alivuta pazia kwa mkono wake. Baridi ilipoingia ilimkuta akipanda ngazi na jagi la maji bila kushika ukuta, akimkaripia mwanawe kuhusu viatu mlangoni, karipio refu, lililonyooka, lisilo na kituo hata kimoja. Mhandisi alilisikiliza hadi mwisho kwa furaha. Kifua hakijawa kipya, daktari alisema hakitakuwa kipya kamwe, lakini kilikuwa kinafanya kazi, na hilo lilitosha kumfanya mtu mzima ageukie ukuta ajifute macho.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Alikuwa amewazunguka watu watatu kwa siku moja, kazi safi kuliko zote za maisha yake, na hakupata hata mkate.

Alikuwa katika mawazo hayo Jumatano moja mlango ulipobishwa. Ni dalali, sauti laini vilevile.

"Wewe!" Mhandisi alisema. "Msiba umeisha?"

"Tulizika salama." Dalali aliingiza pua ndani, akanusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hongera, kaka yangu. Mwenye nyumba alipita mtaani, amefurahi sana. Nimekuja kwa jambo dogo la mkataba." Alikunjua karatasi. "Hapa umetia sahihi kwamba umepanga chumba kama kilivyokutwa siku ya kukabidhiwa funguo. Siku hiyo kilikutwaje?"

Mhandisi aliona amempata. Aliruka. "Kilikuwa moshi mtupu! Uliniuzia mbuzi kwenye gunia! Kuta nyeusi, mama anakohoa nusu ya kufa!"

"Sema tena, jirani yako wa chini asikie."

"Kilikuwa moshi mtupu!" alipiga kelele, na mlango wa chini ukafunguliwa, mtu akachungulia.

"Ahsante. Na leo kina moshi?"

Mhandisi aligeuka, akalitazama dirisha la nyuma.

"Basi umenirahisishia," dalali alisema. "Wewe ulipanga chumba chenye moshi. Hiki hakina. Hiki ni chumba kingine, kizuri zaidi, na kina kodi yake. Kile chako cha zamani ukikitaka, sina neno, kodi yako ni ileile."

Mhandisi alishika fremu ya mlango. Katika kazi yake alikuwa amekutana na wajanja wengi, lakini hapa alijua amezidiwa kete, na moyoni, pamoja na hasira, alimpigia saluti.

"Hewa hii nimeitengeneza mimi," alisema polepole. "Nikishuka chini hapo, neno moja kwa kila mmoja, keshokutwa moshi umerudi wote. Utampangisha nani?"

"Urudishe," dalali alisema.

"Nitaurudisha!"

"Shuka basi. Mimi nakungoja."

Wakatazamana. Ndani, kitanda kililia, na sauti ya mama ikaja hadi mlangoni:

"Mwanangu huyo mgeni unamsimamisha mlangoni kwa nini kama vile nyumba hii haina viti, mkaribishe ndani akae nimpe hata maji ya kunywa!"

Pumzi moja.

Mhandisi aliingiza mkono mfukoni, akatoa pochi. Dalali alipokea noti, akazitia mkobani, akavuta pumzi ndefu pale mlangoni, ambayo hakuilipia, akashuka ngazi.